Mali Bila Daftari

Hotuba ya majirani wa Mwamanyili, iliyosomwa mbele ya waumini na wageni asubuhi ya sherehe ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa hekalu

 

Tumetumwa na wenzetu wa Mwamanyili tuje kuwapongeza kwa kuitunza nyumba hii ya ibada miaka yote hii, na kuwashukuru kwa ujirani mwema. Pongezi hizo mnazistahili, nasi tunazitoa kwa moyo mweupe. Lakini jirani wa kweli haji na pongezi peke yake. Huja pia na shauri lililo moyoni mwake. Shauri letu leo linahusu dawa za asili: nani anazijua, nani anaweza kuzidai kuwa zake, na sisi tufanye nini ili zisitutoke mikononi.

Tumelileta shauri hili hapa kwa sababu katika jambo la dawa ninyi na sisi tumekuwa ndugu kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka. Katika nyua za shule, zahanati na nyumba zetu umesimama mwarobaini. Mti huo haukuota kwetu tangu mwanzo. Asili yake ni Bara Hindi, na wazee wenu waliuita limdo. Ulivuka bahari, ukafika pwani, ukapanda bara hadi Usukumani, na Waswahili wakaupa jina la maradhi arobaini unayosemwa kuyatibu. Leo mtoto wa Mwamanyili hajui kwamba mti huo ulikuja ukiwa mgeni; anachojua ni kwamba majani yake ni machungu na kwamba bibi yake huyachanganya na nafaka ili wadudu wasiiharibu. Vivyo hivyo manjano: ninyi huwapaka bwana na bibi harusi kabla ya ndoa, nasi tunayatia katika mchuzi. Na kivumbasi chetu, kinachofukuza mbu kwa harufu yake, ni cha ukoo mmoja na tulsi mnayoipanda mbele ya nyumba na kuitunza kwa ibada.

Ndugu zetu, turuhusuni tuwasimulie jambo lililotupata. Miaka kadhaa iliyopita alifika kijijini kwetu mgeni mmoja, mtu mpole, mwenye daftari na kamera. Alikaa siku tatu. Mama mmoja mzee, aliyesifika kwa dawa za uzazi na za kuumwa na nyoka, alimpeleka hadi kwenye ngitili, akamwonyesha mti baada ya mti: huu huchimbwa mzizi, huu hubanduliwa gome, huu majani yake huchumwa kabla ya jua kuwa kali. Mgeni aliandika yote, akapiga picha, akajaza mifuko yake ya karatasi. Alipoondoka alishukuru, akamwachia mama kitenge na shilingi elfu kumi.

Hatukumwuliza kama ana kibali. Hatukumwuliza anapeleka wapi alichokibeba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika jina lake. Mama yule sasa ni marehemu, na watoto wake wanaishi mjini. Hawakupata kujifunza kazi yake. Kwa hiyo maelezo kamili ya dawa zake, kama bado yapo popote duniani, yamo katika daftari la mtu tusiyemjua. Hatusemi kwamba aliiba. Huenda alikuwa mtafiti mwema, na huenda mifuko ile iliishia kabatini. Tunachosema ni kwamba hatuna njia ya kujua, na kosa hilo ni letu sisi wenyewe.

Tangu hapo tumejitahidi kuelewa neno ambalo zamani lilipita masikioni mwetu bila kutugusa, nalo ni hataza. Hataza ni hati inayotolewa na serikali kumpa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Katika muda huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutengeneza wala kuuuza uvumbuzi huo, katika nchi iliyotoa hati, pasipo ridhaa ya mwenyewe. Nayo hutolewa kwa masharti: uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo lililo dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo, na uweze kutumika viwandani. Shida yote imejificha katika neno moja dogo, nalo ni mpya. Mpya kwa nani?

Historia ya nchi ya mababu zenu inatoa jibu. Mwaka 1995 ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza juu ya matumizi ya manjano katika kuponya majeraha. Waliopewa walikuwa watafiti wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, nao wenyewe walikuwa na asili ya India. Tunalitaja hilo ili tusidhani kwamba anayechukua lazima awe mtu wa mbali. Jambo ambalo kila mama wa Gujarat amelifanya mtoto wake alipojikata kidole liliandikwa kuwa uvumbuzi. Mwaka 1996 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipinga. Halikupinga kwa maandamano, lilipinga kwa karatasi: marejeo 32, mengine ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, pamoja na makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 ofisi ileile ilikubali kwamba hapakuwa na jambo jipya, na madai ya hataza hiyo yakaanguka.

Mwarobaini nao ulipita njia hiyo, tena kwa taabu zaidi. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza juu ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwaka 1995 Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Bunge la Ulaya na shirikisho la kimataifa la kilimo hai waliwasilisha pingamizi. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo mwenye kiwanda kutoka India, aliyeeleza kwamba mafuta ya namna hiyo yalikuwa yakitengenezwa kiwandani kwake kabla ya maombi ya hataza kuandikwa. Mwezi Mei 2000 hataza ilifutwa. Wenye nayo wakakata rufaa, na rufaa ikatupwa tarehe 8 Machi 2005. Ilichukua miaka kumi kuthibitisha jambo lililokuwa likijulikana na watoto.

India ilipoona kwamba haiwezi kusafiri mahakamani kwa kila jani, ilianza mwaka 2001 kujenga maktaba ya kidijiti ya maarifa yake ya asili. Maneno ya vitabu vya kale vya Ayurveda, Unani na Siddha yalipangwa na kutafsiriwa katika lugha tano: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani, ili mkaguzi wa hataza aliye Ulaya au Japani aweze kusoma, kabla ya kutoa hati, yale yaliyoandikwa karne nyingi zilizopita. Tangu mwaka 2009 ofisi ya Ulaya imekuwa na ruhusa ya kuitumia maktaba hiyo.

Sasa, ndugu zetu, tujiulize kwa uaminifu. Kama kesho mtu atadai hataza juu ya mzizi wa Mwamanyili, sisi tutapeleka nini? Ninyi mlikuwa na kitabu. Sisi tuna kumbukumbu ya mama aliyekwisha kuzikwa. Na kumbukumbu, mbele ya sheria, ni kitu dhaifu. Nchini Marekani, hadi sheria yao ilipobadilika mwaka 2013, jambo lililotumika na kujulikana kwa mdomo tu katika nchi nyingine halikuhesabiwa kuwa kipingamizi. Kilichohesabiwa ni kile kilichochapishwa. Kwa macho ya sheria hiyo, mganga aliyetibu kijiji kizima kwa miaka hamsini alikuwa kama mtu ambaye hakuzaliwa. Sheria imerekebishwa, lakini hata sasa mkaguzi aliye mbali ataujuaje ukweli usioandikwa mahali popote?

Msidhani kwamba wazee wetu hawakujua kulinda mali yao. Walijua, kwa namna ya zama zao, nayo ilikuwa siri. Usukumani kulikuwa na Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Dawa ya sumu ya nyoka haikutolewa kwa kila mpita njia. Aliyeitaka aliingia chamani, alilipa ada, alifundishwa na kupimwa, akafungwa kwa kiapo. Tukiyatazama hayo leo tunaona kwamba wazee walikuwa na hataza yao: haki ya pekee, masharti na malipo. Lakini siri ina kasoro moja kubwa. Mwenye siri akifa bila mrithi, siri hufa pamoja naye. Na mwenye siri akidanganywa na mgeni mwenye kitenge, hana pa kushitaki, kwa sababu hana cha kuonyesha.

Tuchukue mfano ulio karibu. Katika miaka ya 1970, katika vilima vya Shimba, Kwale nchini Kenya, zilivunwa zaidi ya tani 27 za mti uitwao kitaalamu Maytenus buchananii, kwa ajili ya utafiti wa saratani uliofanywa na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Wadigo wa eneo hilo walikuwa wakiutumia mti huo kwa tiba tangu zamani. Kemikali iliyochunguzwa ndani ya miti ya jamii hiyo ilikuwa kali mno kutumiwa peke yake. Wanasayansi walifanya kazi kwa miongo mingi, na leo kemikali iliyotokana nayo imo katika dawa mojawapo ya saratani ya matiti. Tunaiheshimu kazi hiyo, na yeyote mwenye mgonjwa nyumbani ataiheshimu. Lakini kazi ya maabara isifute kazi iliyotangulia ya aliyesema: mti wenyewe ni huu.

Na wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, magari yalipojipanga kuelekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Katika majuma machache jina la mugariga lilifika kila mahali. Hapa tujifunze jambo la pili: mti huo haukujulikana na watu wa Samunge peke yao, unaota sehemu nyingi za Afrika Mashariki na makabila mengi huutumia. Kwa hiyo swali la nani mwenye maarifa haya halina jibu jepesi. Mwamanyili haiwezi kudai mkwaju wala mwarobaini. Inachoweza ni kusema: haya tuliyajua, tuliyatumia hivi, na tuliyaandika tarehe hii.

Ndiyo sababu tumeazimia kuandika. Kabla ya kuazimia tulibishana sana. Mzee mmoja alisimama akauliza: je, kuandika si kumfungulia mwizi mlango? Ninyi mnatoka kuibiwa na mwenye daftari, na dawa yenu ni daftari jingine? Swali lake lilikuwa la haki. Jambo likishachapishwa hadharani hakuna awezaye kulipatia hataza, hata sisi wenyewe hatuwezi. Na mwenye kiwanda anaweza kulisoma na kuanzia hapo. Kwa sababu ya mzee huyo, daftari tulilokusudia limekuwa na sehemu tatu badala ya moja.

Sehemu ya kwanza ni ya mambo yanayojulikana na wote: miti ambayo kila nyumba huitumia. Hayo yataandikwa wazi, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, pamoja na jina la kitaalamu litakalothibitishwa na mtaalamu wa mimea, sehemu ya mti inayotumika, namna ya kuitumia, na tarehe. Nakala zitapelekwa maktaba, ili asitokee wa kusema ameyavumbua.

Sehemu ya pili ni ya mambo ya ukoo na ya chama. Hapo hatutaandika dawa yenyewe. Tutaandika tu kwamba ukoo fulani una dawa ya maradhi fulani, na nani ameteuliwa kuirithi. Maelezo yatawekwa na wenyewe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kufunguliwa kwa idhini yao tu. Mtu akitaka kuyatumia, azungumze nao na waandikiane mkataba. Jambo hilo linawezekana: mwaka 2003 Wasani wa Afrika Kusini walitia sahihi mkataba wa kugawana mapato na taasisi ya utafiti iliyokuwa imepata hataza juu ya mmea wa hudia, ambao Wasani waliutafuna kutuliza njaa safarini. Fedha zilizotarajiwa hazikuja kwa wingi, kwa maana bidhaa yenyewe haikustawi sokoni. Lakini jina lao liliingia katika karatasi, na hilo halikuwahi kutokea kabla.

Sehemu ya tatu ni ya wageni. Kila anayekuja kuuliza dawa ataandika jina lake, taasisi yake, namba ya kibali chake kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, alichokichukua, na anakokipeleka. Ni jambo dogo kama kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji. Laiti tungekuwa nalo siku ile.

Hatuanzi kutoka patupu. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili waganga na kusimamia kazi yao. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwa ikichunguza mimea ya dawa kwa miongo kadhaa. Sheria za serikali za mitaa zinairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kushauriana na halmashauri ya wilaya kuidhinisha. Kitabu cha wageni chaweza kupewa nguvu kwa njia hiyo. Na tarehe 24 Mei 2024, mjini Geneva, mataifa yalipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi kilikotoka kiumbe alichokitumia na jamii iliyompa maarifa. Mkataba huo unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili uanze kutumika. Ni hatua njema. Lakini utatusaidia nini, ikiwa mwombaji atanyamaza na jamii yenyewe haiwezi kuonyesha kwamba ilimpa chochote?

Tuseme pia yale yanayotuonea haya. Jina la uganga limechafuliwa katika kanda yetu na wapiga ramli waliochonganisha ndugu, wakasababisha kuuawa kwa vikongwe na kwa wenzetu wenye ualbino. Daftari letu halitakuwa na nafasi kwa watu hao. Wala kuandikwa kwa dawa hakutakuwa cheti kwamba inaponya. Mtoto mwenye homa kali apelekwe zahanati. Mtu aliyeumwa na nyoka akimbizwe hospitali. Tunaandika ili maarifa yasipotee na yasidaiwe na asiye mwenyewe, na ili wataalamu wayapime.

Sasa ombi letu. Hatukuja kuomba fedha. Tunaomba mambo matatu.

La kwanza, mtuwekee nakala ya daftari na zile bahasha katika kabati la hekalu lenye kufuli. Ninyi hamna upande katika mashindano ya koo zetu, wala ya Bagika na Bagalu. Kila mganga ataweza kuwaamini bila kumwogopa mwenzake. La pili, vijana wenu wenye ujuzi wa kompyuta wakae na vijana wetu wenye Kisukuma fasaha, wazee waseme, vijana waandike. La tatu, nanyi pia mwandike. Vitabu vya Ayurveda vipo, lakini dawa za jikoni ambazo bibi zenu walizichanganya hapa, kwa majani ya Bara Hindi na ya Usukumani kwa pamoja, pale mizigo kutoka ng'ambo ilipochelewa, hazimo katika kitabu chochote cha Kisanskriti. Nazo ziko hatarini kama zetu.

Tunajua kwamba daftari kwenu si kitu cha kawaida. Siku ya Diwali wafanyabiashara miongoni mwenu huleta madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi, yakaombewa baraka kabla hayajaandikwa tarakimu moja. Wazee wetu waliokuja kuuza pamba waliyaona madaftari hayo dukani. Nasi tuna methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi tuliisema methali hiyo kwa habari ya ng'ombe na fedha. Hatukufikiri kwamba mali kubwa kuliko ng'ombe ilikuwa ikizikwa kila tulipomzika mzee.

Daftari letu la kwanza tumekuja nalo. Ni la kawaida, la kurasa mia mbili, na bado ni jeupe. Ukurasa wa kwanza tumeuacha kwa ajili ya mwarobaini, kwa kuwa ni mti wenu na wetu. Tunaomba uandikwe na mikono miwili: jina lake kwa Kigujarati, na jina lake kwa Kiswahili, na chini yake tarehe ya leo.

Tunaitakia nyumba hii miaka mingi ya heri, na ujirani wetu udumu.